Kenya: Kejeli ya Gado na mzigo wa warithi wake

Mwishoni mwa mwaka 2024, vijana kadhaa wa Kenya waliomkosoa Rais William Ruto mitandaoni walitekwa na watu wasiojulikana. Miongoni mwao alikuwa mchoraji anayejulikana kama Kibet Bull, ambaye humchora rais kwa mfano wa kivuli. Aliachiwa Januari 2025. Polisi ilikana kuhusika.

Kejeli ya kisiasa si jambo geni nchini humo. Godfrey Mwampembwa, maarufu kama Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alijiunga na gazeti la Nation jijini Nairobi mwaka 1992. Mwaka 2009, Kenya ikiwa bado inauguza majeraha ya ghasia za uchaguzi zilizoua zaidi ya watu 1,000, kipindi chake cha runinga, The XYZ Show, kilianza kurushwa. Vikaragosi vyenye sura za viongozi viliingiza ufisadi na ukabila sebuleni kwa lugha ya mchezo, na mambo yaliyozikwa katika ripoti za tume yakawa mazungumzo ya kila siku.

Nguvu ya kejeli imo humo. Hotuba hujibiwa kwa hotuba, lakini kiongozi anayekasirikia kikaragosi huzidi kuchekwa. Kwa hiyo shinikizo hutafuta njia nyingine. Januari 2015, The EastAfrican, gazeti lililokuwa limechapisha katuni ya Gado kuhusu Rais Jakaya Kikwete, lilipigwa marufuku Tanzania. Serikali ilieleza kuwa halikuwa limesajiliwa. Mwaka uliofuata, mkataba wa Gado na Nation haukuongezwa. Yeye aliona mkono wa siasa katika uamuzi huo, kisha akaendelea kuchora kwingineko.

Kati ya mkongwe huyo na warithi wake kuna tofauti moja kubwa. Gado alikuwa na mhariri, mwajiri na mkataba. Mwajiri angeweza kushinikizwa, lakini pia alikuwa ngao. Kijana wa leo ana simu tu: hakuna mkataba wa kumfutia, wala mhariri wa kumtetea. Zamani mchoraji aliyekera alihatarisha kazi yake. Sasa anahatarisha mwili wake. Ikiwa mahakama na Bunge havitaziba pengo lililoachwa na mwajiri, Wakenya wataendelea kucheka, lakini watakaothubutu kuwachekesha watapungua.