Bao la Babu na Mashine ya Mjukuu

Baba mkwe wangu amechonga mabao ya kete tangu ujana wake, na kipimo chake kilikuwa shubiri ya mkono. Siku hizi mikono inatetemeka, na patasi ameziweka. Bao lake la mwisho, la mwembe, lilipasuka katikati. Tangu hapo baraza yetu ya jioni imepooza: watoto wamo ndani na simu zao, mzee yu nje peke yake na kopo la komwe.

Mwanangu mkubwa hufanya kazi katika karakana yenye mashine ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Akaahidi kumchongea babu yake bao jipya. Mzee alicheka. "Mashine haijui kulicheza bao, mjukuu wangu. Italichongaje?"

Ubao uliopatikana ni wa mninga, mkavu kabisa, ila una ufa mrefu upande mmoja. Kijana alikusudia kuuziba kwa epoksi, ile gundi ya maji mawili ambayo yakichanganywa hugeuka kuwa gumu na angavu kama kioo. Mara ya kwanza alichanganya kwa kukisia, akadhani kigumishi kikizidi itakauka upesi. Baada ya siku mbili ilikuwa bado inanata kama ulimbo, naye akaikwangua yote. Mara ya pili alifuata kipimo cha kwenye kopo, akabandika utepe chini ya ufa isivuje, akamimina kidogo kidogo kwa matabaka, kwa sababu ikimiminwa nene hupata moto na kujaa mapovu.

Hapa niseme na akina mama wenzangu. Epoksi mbichi si kitu cha kuchezewa na watoto. Ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kuleta mzio usioondoka tena. Avae glavu, afungue madirisha, na wakati wa kupiga msasa afunike pua na mdomo. Mimi niliikataza isiingie jikoni kwangu, na nikasikilizwa.

Epoksi ilipokwisha kukauka, mashine ikachonga mashimo 32, safu nne za manane, yakilingana kina na upana kuliko mkono wowote ungeweza. Mzee aliletewa bao akiwa barazani. Akapitisha kidole shimo baada ya shimo, kimya, hadi alipofika kwenye nyumba, lile shimo la tano kutoka kushoto katika safu ya mbele ya kila mchezaji, ambalo desturi yake ni kuwa la mraba.

"Nyumba gani hii isiyo na pembe?"

Kijana akaeleza kwamba kisu cha mashine huzunguka, hivyo kila pembe ya ndani hukiachia mviringo. Hakiwezi kuingia hadi mwisho. Mzee hakujibu. Aliagiza patasi yake nyembamba.

Nyumba mbili, pembe nane. Mjukuu aliushika ubao na kuutuliza mkono wa babu yake pale ulipotetemeka. Mzee aliielekeza patasi. Walianza baada ya Alasiri. Nilitoka mara mbili kuwapelekea chai, na mara zote mbili niliikuta ya kwanza imepoa. Pembe moja imekwenda upande kidogo. Hakuna aliyeirekebisha.

Bao limepakwa mafuta na liko barazani. Masharti ni yale yale ya zamani: hapawekwi dau, na adhana ikilia kete huachwa zilipo. Watoto wadogo sasa wanagombea kuhesabu kete 64. Ama huyo fundi wa kompyuta, katika mchezo wa kwanza alifungwa mkononi, hata kete zake 22 za kunamua hazijamwishia.