Ulimi Unapojikwaa



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili twataka kulitafakari jambo linaloonekana dogo, nalo ni vitanza ndimi vya Kiingereza: zile sentensi ambazo sauti zake hurudiwarudiwa hata ulimi ukafungana. Wengi wetu tulivikariri shuleni, tukacheka, tukavisahau. Kumbe vyastahili heshima, na tahadhari pia.

Mwaka 1813 mchapishaji John Harris wa London alitoa kitabu cha watoto kilichoipa karibu kila herufi ya alfabeti sentensi zake, maneno yakianza kwa sauti ile ile. Humo ndimo alimo Peter Piper, mchuma pilipili mashuhuri. Jina la kitabu chenyewe, ambamo maneno saba huanza kwa p, lilitangaza kusudi lake: kufundisha matamshi yaliyo wazi na kamilifu. Mchezo ulikuwa mwalimu.

Kiko na kingine, cha mwanamke auzaye makombe ufukoni mwa bahari. Hicho huzipishanisha sauti mbili zilizo jirani, s na sh. Kwa s, ncha ya ulimi huukaribia ufizi. Kwa sh, ulimi hurudi nyuma kidogo. Zikifuatana kwa kasi, moja hukaa mahali pa nyingine. Hata aliyezaliwa Uingereza hujikwaa, akacheka pamoja na wanaomcheka. Hiyo ndiyo haki ya mchezo huu: haumpendelei mtu.

Lakini sauti hizo hizo mbili zimewahi kuua. Katika Waamuzi, sura ya 12, twasoma kwamba Wagileadi walivishika vivuko vya Yordani, wakamwamuru kila atakaye kuvuka atamke “Shibolethi”. Mwefraimu alisema “Sibolethi”, naye akauawa papo hapo. Waefraimu waliokufa wakati ule walikuwa 42,000. Neno hilo limeingia hata katika Kiingereza, likiwa na maana ya kipimo cha kumtambua asiye wetu.

Tofauti iko wapi basi? Kitanza ndimi humkwaza kila mtu, hata aliyekitunga. Shibolethi humkwaza mgeni peke yake. Nasi twaiona Shibolethi ikirudi madarasani na maofisini: mtoto achekwapo kwa sababu lugha ya mama yake haitenganishi l na r, au mwombaji kazi apimwapo kwa lafudhi kabla ya kupimwa kwa uwezo. Huo si mzaha tena.

Maoni yetu ni haya: wazazi na walimu wavitumie vitanza ndimi bila hofu, kwa kuwa kurudiarudia huunyoosha ulimi. Ila mkubwa na atangulie yeye, kwa kasi, ajikwae watoto wakimwona. Kisha watamke wote pamoja, wala asisimamishwe mmoja peke yake ili achekwe. Kicheko kinachomwacha mtu nje ya mlango hakifundishi lugha, kinafundisha kunyamaza.