Binti na Udaktari wa Ng'ombe



Mama mmoja, msomaji wetu, ametuletea swali linalomnyima usingizi. Bintiye amepata nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo. Nia yake si kutibu paka wa mjini, bali kwenda pande za Kitale na Bungoma, kwao babake, akatibu ng'ombe vijijini. Jamaa wanamcheka: mtoto wa kike mwenye buibui atatiaje mkono tumboni mwa ng'ombe? Mama auliza, ampe radhi au amzuie?

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Kitale na Bungoma ni nchi ya mahindi na maziwa, karibu na Mlima Elgon. Huko mkulima mdogo huwa na ng'ombe wawili watatu wa gredi, na maziwa ndiyo karo, ndiyo chumvi na sabuni. Ng'ombe akishikwa na ndigana kali, ugonjwa uletwao na kupe, asipotibiwa mapema aweza kufa katika muda wa wiki chache. Ndama akikaa vibaya tumboni, hutakiwa mjuzi usiku huo huo. Zamani mabwana mifugo wa serikali ndio waliokuwa wakiitwa. Tangu mwisho wa miaka ya 1980, serikali ilipopunguza kuwaajiri, mkulima hujilipia, na mara nyingi humwita asiye na ujuzi kwa kuwa ndiye aliye karibu. Pengo hilo ndilo alitakalo binti huyu kuliziba.

Dini yetu haikuidharau kazi hii. Twakijua kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa kwa njaa, na cha aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Ikiwa maji ya mbwa yana ujira, itakuwaje kumwokoa ng'ombe ambaye nyumba nzima yamtegemea?

Ama damu na kinyesi, ni najisi, lakini kuvigusa hakutengui udhu katika madhehebu yetu ya Shafi. Huoshwa palipoguswa, na nguo hubadilishwa kabla ya sala. Basi awe na nguo ya kazi, viatu vya mpira, na glavu ndefu zifikazo begani. Glavu hizo ni kinga pia, kwani yako maradhi, kama kimeta, yamwambukizayo mtu kutoka kwa mnyama.

Wasemao hana nguvu hawajaiona kazi. Hakuna mwanamume amshindaye ng'ombe kwa misuli. Hutumika kamba na kizuizi, na ndama hugeuzwa kwa ujuzi na subira. Tena vijijini wakamuao na kulisha mara nyingi ni akina mama, nao humweleza mwanamke mwenzao yale wasiyomweleza mgeni wa kiume.

Mtihani mkubwa, kwa maoni yetu, ni amana. Dawa nyingi hubaki katika maziwa kwa siku kadhaa, na siku hizo hayauzwi. Daktari akinyamaza ili ampendeze mwenye ng'ombe, ameshiriki ghashi, na anywaye ni mtoto wa mtu. Wala tusidhani hayo ni ya bara tu. Homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007, itokayo kwa mifugo, ilifika hata Tana River na Kilifi, na nchini Kenya ikaua watu zaidi ya 100.

Njia ya masomo ni ndefu. Shahada huchukua miaka 5 katika Chuo Kikuu cha Nairobi, huko Kabete, kisha lazima asajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya ndipo atibu. Asiyefikia alama hizo aweza kuanzia vyuo vya AHITI, kama vile Kabete na Ndomba, wafundishwako wasaidizi wa afya ya mifugo.

Basi jawabu letu, mama, ni hili: mpe radhi. Lakini kabla hajafungasha, mpelekeni likizoni kwa shangazi zake, afuatane siku kadhaa na daktari mzoefu, aone matope na usiku wa manane. Akirudi bado ataka, wekeni masharti ya heshima: makazi yanayojulikana, na asiitikie mwito wa usiku peke yake. Kumzuia kwa kuogopa kicheko cha jamaa si hoja ya kisheria.

Wabillahi tawfiq.