Kiitaliano cha Mwaka wa Kwanza Kipunguziwe Mzigo

Vyuo vikuu vya Marekani vinazidi kupoteza wanafunzi wa Kiitaliano. Mwaka 2009 walipita 80,000. Kufikia 2016 hawakufika 60,000. Lugha nyingine nyingi za kigeni nazo zimepungukiwa, na ufinyu wa bajeti umechangia, lakini mtaala wa mwaka wa kwanza haukwepi lawama. Kwa kawaida mwanafunzi hupitishwa karibu nyakati zote za kitenzi, hadi congiuntivo (hali ya kitenzi ya kueleza shaka au matakwa), kwa mihula miwili tu. Muhula wa wiki 15 wenye vipindi vinne kwa wiki ni saa 60. Serikali ya Marekani yenyewe, inapowaandaa wanadiplomasia wake, huwatengea miezi kadhaa ya masomo ya kutwa kwa lugha hii, ambayo inaihesabu miongoni mwa zilizo rahisi kwao.

Tazama wakati uliopita peke yake. Kusimulia kwamba alikwenda sokoni akanunua nyanya, mwanafunzi wa kike aseme “sono andata”, akibadili mwisho wa kitenzi kwa kuwa ni mwanamke, kisha papo hapo ahamie “ho comprato”, isiyojali jinsia yake. Jambo hili huzoeleka kwa kusikia, kusoma na kusimulia wiki baada ya wiki. Kurasa mbili na jaribio la Ijumaa hazitoshi. Ningebakisha wakati uliopo na namna mbili za kusimulia yaliyopita, congiuntivo isubiri. Nafasi hiyo yapewe maandishi halisi: ratiba ya treni, tangazo la nyumba ya kupanga, mahojiano mafupi na mtu kama Igiaba Scego, mwandishi aliyezaliwa Roma mwaka 1974 kwa wazazi wa Kisomali. Hapo wanafunzi wanaweza kujadili uraia: sheria ya Italia ya mwaka 1992 humtaka mtoto wa wageni aliyezaliwa Italia angoje hadi atimize miaka 18 ndipo adai uraia. Hilo laelezeka kwa Kiitaliano chepesi, na kijana wa chuo atakuwa na la kusema.

Wapo watakaodai kwamba huku ni kushusha kiwango, na kwamba darasa la Dante litapokea watu wasioiva. Hofu hiyo si ya bure. Lakini wengi hawafiki huko kabisa. Husoma kutimiza sharti la chuo, wakaondoka. Walichopata mwanzoni ndicho chote watakachobaki nacho. Pingamizi zito zaidi ni la walimu wa muda, ambao kitabu kilicho tayari huwaokolea usiku mzima wa maandalizi. Basi chuo kinachotaka mtaala mpya kiwalipe saa za kuuandaa.