Ghala la Taifa Halijengwi Ugenini

Taifa lisilotunza kumbukumbu zake lenyewe halijajitawala kikamilifu. Wapo miongoni mwetu wanaodai kwamba zama za kompyuta zimefuta mipaka. Kwamba si neno seva yenye tovuti na taarifa za shule ikiwa Arusha, Dublin au Virginia, mradi bei ni nafuu. Dai hili twalipinga. Ni kasumba ile ile ya zamani iliyovikwa joho jipya.

Kile kinachoitwa wingu si wingu. Ni majumba ya mashine yaliyojengwa juu ya ardhi, na kila ardhi ina sheria yake. Mwaka 2013 serikali ya Marekani ilidai barua za mteja wa Microsoft zilizohifadhiwa Ireland. Kampuni ilipinga mahakamani. Kesi ingali mbele ya Mahakama ya Juu, mwezi Machi 2018 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria inayozibana kampuni zilizo chini ya mamlaka yake kutoa taarifa zinapoamriwa kisheria, hata zikiwa zimehifadhiwa nje ya Marekani. Basi haitoshi kuuliza mashine iko wapi; yatupasa kuuliza pia mwenye mashine anatii sheria ya nani. Wala jina la tovuti kuishia kwa .tz si kinga: jina laweza kuwa letu, na ghala likawa la mgeni.

Wanafunzi wetu wanaijua habari ya mifupa ya mijusi wakubwa iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913. Hadi leo imesimama Berlin. Mifupa ile ilichukuliwa chini ya utawala wa kikoloni; taarifa za leo twazipeleka wenyewe, tena kwa kulipa!

Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini, intaneti ilizorota Afrika Mashariki. Tovuti iliyohifadhiwa Dar es Salaam yaweza kumfikia msomaji wa Dodoma bila kuvuka bahari. Iliyo ng'ambo haina njia hiyo.

Hatusemi tujifungie milango. Ghala la nyumbani linalovuja si uhuru, na uhuru wa taifa usiwe kisingizio cha kumchungulia mwananchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Lakini sheria haitembei yenyewe. Kabla mkuu wa shule hajatia saini mkataba, aulize: majina na alama za watoto hawa zitalala wapi, nani ataweza kuzifungua, na tukitaka kuhama, tutaondoka nazo?

Usiache mbachao kwa msala upitao. Tujenge maghala yetu, tufunze vijana wetu kuyalinda, nasi tushike funguo.