Msanii anapotoa picha kwa ajili ya wakimbizi, nani analipa rangi?

Katika miji ya Goma na Bukavu, ombi hili limezoeleka. Vita vikifukuza watu vijijini, volkano ikitema moto, ama mvua ikibeba nyumba, kundi la watu wenye nia njema linazunguka katika ateliye za wachoraji na wachonga masanamu, likiomba kila mmoja atoe kazi moja bure. Picha zitatundikwa katika ukumbi, wageni watakuja, zitauzwa, na pesa zitanunua unga, maharagi na mablanketi kwa wenye kutabika. Siku yenyewe kila msanii anapewa kipaza sauti kwa dakika chache na kuulizwa swali ambalo haliishe: mawazo ya kuchora unayatoa wapi?

Mpango wa namna hiyo ni mzuri na haupashwi kukatazwa. Wasanii wa Kivu wanatoa, na wanatoa kwa moyo, kwa sababu wenye kutabika si watu wa mbali. Ni shangazi aliyetoka Masisi na watoto, ni jirani ambaye nyumba yake ilifunikwa na lava. Lakini kuna hesabu moja ambayo haifanywi mbele ya wageni, na wakati umefika ifanywe.

Picha moja inaanza na mbao nne, misumari, kitambaa na rangi. Rangi ya akriliki haitengenezwi Goma wala Bukavu. Inatoka inje ya inchi na bei yake inafuata dola. Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, banki za mji zilifungwa na uwanja wa ndege haukufanya tena kazi ya kila siku. Bukavu ilifuata katikati ya Februari. Wateja waliozoea kununua picha, yaani wafanyakazi wa mashirika, watalii waliokuwa wakipita kwenda kutazama sokwe wa Virunga, wafanyabiashara wenye nyumba mpya za kupamba, wengi waliondoka ama wakafunga mfuko. Mchoraji anayeombwa kutoa picha leo anaombwa kutoa kitu alichokitengeneza kwa pesa za jana, na ambacho hajui kama ataweza kukitengeneza tena.

Mfanyabiashara akitoa mifuko kumi ya unga, kila mtu anaelewa kwamba mifuko hiyo ilinunuliwa. Daktari akitoa siku moja ya kazi bila malipo, hakuna anayemwomba alete na dawa zake. Kwa msanii ni tofauti, kwani wengi bado wanaona kazi yake kama kipaji tu, kitu kinachotoka mkononi jinsi maji yanavyotoka chemchemini. Swali lile la kipaza sauti linaongeza kosa hilo. Linauliza mawazo yanatoka wapi, halafu linasahau kuuliza mbao zilitoka wapi.

Hata hivyo majibu ya wasanii yanastahili kusikilizwa, sababu yanaonyesha Kivu ambayo haipiti sana katika habari. Wengi wanataja ziwa asubuhi, mitumbwi ya wavuvi, mawe meusi ya lava ambayo watu wa Goma walichukua kujengea kuta baada ya mlipuko wa tarehe 17 Januari 2002 na wakayaona yakirudi kama moto tarehe 22 Mei 2021. Wengi wanataja chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inayoteremka toka Kibumba na mzigo wa makabichi ama makala, kijana amekunja goti moja juu yake. Chukudu imepata hata sanamu yake ya rangi ya zahabu katikati ya barabara ya Goma, na ni vigumu kupata mchoraji wa mji huo ambaye hajaichora angalau mara moja. (Kuna watu wanaolalamika kwamba chukudu zimekuwa nyingi mno katika picha. Labda. Lakini anayesukuma chukudu yenyewe hajalalamika kwamba anachorwa kupita kiasi.)

Na mara nyingine jibu la swali hilo si la kutolewa mbele ya watu wote. Mwimbaji Delcat Idengo, ambaye nyimbo zake zilikuwa zikizungumzia vita na viongozi bila kuzunguka, alikwisha kufungwa gerezani, na tarehe 13 Februari 2025 aliuawa kwa risasi mjini Goma. Baada ya hapo, msanii anayesema kwamba anachora maua tu huenda anapenda maua kweli. Huenda pia anajilinda. Wenye kupanga maonyesho wanapashwa kujua kwamba wanapomsukuma mtu aeleze picha yake, hawamuulizi jambo dogo.

Kuna msukumo mwingine, wa polepole, ambao haupigi kelele. Katika mauzo ya msaada, picha inayotafutwa haraka ni ile ya machozi: mama amebeba mtoto mgongoni, hema nyuma yake, macho makubwa ya mtoto yakimtazama mnunuzi. Mgeni anainunua kwa sababu inafanana na sababu iliyomleta. Mchoraji si mjinga, anaona. Mara ya pili ataleta mama mwingine na hema lingine, na picha ya harusi ya kijijini, ama ya kijana anayecheka na telefoni yake, itabaki imeegemezwa ukutani nyumbani. Hivi ndivyo msaada unavyoanza kuchagua mawazo ya msanii kwa niaba yake. Mama aliyekaa miezi katika kambi ya Kanyaruchinya hana haja ya kuonyeshwa hema. Pengine angetaka kuona shamba lake alivyoliacha, na maharagi yametoa maua.

Jambo hilo si geni kwa Kongo. Mwaka wa 1946, mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua ateliye iliyojulikana kwa jina la Hangar. Aliwaambia vijana waliokuja kwake wasiige Ulaya, watazame mazingira yao. Pilipili Mulongoy akachora samaki na ndege, Bela akapaka rangi kwa vidole vyake, Mwenze Kibwanga akajaza picha kwa mistari mifupi iliyosukana kama mkeka. Kazi zao zilisafiri mbali na majina yao yakabaki, jambo ambalo si dogo. Lakini walionunua walikuwa zaidi Wazungu, na Kongo waliyoipenda katika picha hizo ilikuwa ya wanyama na mimea, isiyo na mgodi, isiyo na kodi, isiyo na polisi.

Miaka ishirini na zaidi baadaye, katika mji uleule, Tshibumba Kanda-Matulu alichora kinyume chake. Alipaka rangi juu ya vitambaa vya mifuko ya unga, akawauzia watu wa kawaida, ambao walitundika picha hizo sebuleni pamoja na Mamba Muntu. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya inchi katika picha karibu mia moja, toka wafalme wa zamani hadi Lumumba na utawala wa Mobutu, akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya mwanaantropolojia Johannes Fabian, ambaye aliandika maneno yake na baadaye akayatoa katika kitabu. Hapo swali la mawazo yanatoka wapi lilipata jibu la kurasa nyingi. Tshibumba alijiita mwanahistoria. Lakini tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna aliyejua tena yuko wapi, na ule mkusanyiko mkubwa wa picha zake uko Uholanzi. Mkaaji wa Lubumbashi anayetaka kuuona anahitaji viza.

Mifano hiyo miwili haihusu msaada, lakini inahusu kile kinachotokea picha ikishatoka mkononi mwa aliyeichora: nani anainunua, nani anachagua kinachofaa kuonekana, na nini kinarudi. Picha iliyotolewa bure iko katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu haina hata risiti.

Kuna mahali pengine ambapo wakulima walilifikiria swali hilo mapema. Ni Lusanga, katika jimbo la Kwilu, mji uliozaliwa kama Leverville, kwa jina la Lever, tajiri wa mawese na sabuni. Mwaka wa 2014 wafanyakazi wa mashamba ya huko waliunda chama cha wasanii kiitwacho CATPC, pamoja na mtetezi wa mazingira René Ngongo na msanii Mholanzi Renzo Martens. Wanachonga masanamu kwa udongo wa mto, kisha masanamu hayo yanatengenezwa tena Ulaya kwa kakao na mafuta ya mawese, na kuuzwa. Yalionyeshwa New York mwaka wa 2017, na mwaka wa 2024 katika jengo la Uholanzi kwenye maonyesho makubwa ya Venice. Mtu anaweza kucheka kidogo kwamba ilibidi Wakongo wapitie mlango wa Uholanzi ili wafike. Lakini pesa za masanamu zilirudi Lusanga zikanunua ardhi, ile ile iliyochoshwa na michikichi ya kampuni, na ardhi hiyo inapandwa chakula na miti. Chama kinajua kilichouzwa na kilichonunuliwa. Hawakuombwa kuwa wakarimu kwanza na kulipwa baadaye na Mungu.

Kivu haina haja ya kuiga Lusanga yote. Inaweza kuchukua kitu kimoja: masikilizano kabla ya kazi kuondoka ateliye. Gharama ya vifaa irudishwe kwa msanii kabla pesa hazijahesabiwa kuwa za msaada. Hilo halipunguzi zawadi yake. Anabaki ametoa siku zake, mkono wake na faida yote. Kama kuna mfadhili anayelipia ukumbi, vinywaji na kipaza sauti, na kwa kawaida yupo, basi mfadhili huyo anaweza kulipia pia kitambaa na rangi. Inashangaza kwamba katika jioni moja ya msaada anayepiga muziki kwa mashini analipwa, mwenye viti analipwa, mlinzi wa mlango analipwa, na mtu pekee asiyelipwa ni yule ambaye kazi yake imewaleta wote.

Jambo la pili ni hesabu ya mwisho. Picha ngapi ziliuzwa, kwa bei gani, unga wa kilo ngapi ulinunuliwa na ukafikishwa wapi. Mara nyingi msanii anaona picha ya mgeni akishika turubai yake na kutabasamu, basi, habari inaishia hapo. Hajui kama mtoto wa Bulengo alikula kutokana na ile wiki tatu ya kazi. Na picha zisizouzwa zinabaki wapi? Nyingine zinaonekana miaka miwili baadaye katika biro ya mtu ambaye hakuwahi kuzilipia.

Wako wanaosema kwamba kudai hesabu wakati watu wanalala na njaa ni aibu. Usiku wa tarehe 4 Mei 2023, maji na mawe yalipofunika Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe na kuua mamia ya watu, nani angeuliza risiti? Hoja hiyo ina uzito siku ya kwanza na siku ya pili, wakati wa kuchimba na kuzika. Maonyesho ya picha hayafanyiki siku ya pili. Yanapangwa kwa majuma, yana karatasi za mwaliko, yana kamati. Kamati yenye muda wa kuchagua rangi ya mwaliko ina muda wa kuandika ukurasa mmoja wa hesabu. Na walio na haki ya kwanza kudai ukurasa huo si wasanii, ni wale ambao njaa yao ilitangazwa ili picha zinunuliwe.

Bei nayo inahitaji kuangaliwa. Mauzo katika otele ya kando ya ziwa, kwa dola tupu, yanawaacha inje wakaaji ambao zamani ndio waliokuwa wateja wa mchoraji wa mtaani. Mwalimu wa Ndosho hawezi kununua turubai ya mita mbili. Anaweza kununua picha ndogo, ama nakala ya karatasi, kwa franka alizo nazo, na kuitundika pale ambapo kalenda ya duka ilikuwa. Akifanya hivyo amechangia wakimbizi, na mchoraji amepata mteja atakayerudi, tena anayejua shamba la maharagi linafananaje.

Haki ya mtunzi haihitaji sheria mpya. Kongo ina sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inayolinda watunzi. Anayenunua turubai katika mauzo ya msaada amenunua kitu cha kutundika. Hakununua ruhusa ya kuondoa jina la aliyeichora. Lakini katika safari toka ateliye hadi ukumbi, na toka ukumbi hadi nyumba ya mgeni, jina ndilo linalopotea kwanza, hasa la kijana asiyejulikana. Jina, mwezi na mwaka, mji, bei iliyolipwa, na kazi ambayo pesa zilienda kufanya: nyuma ya turubai kuna nafasi ya kutosha kwa hayo yote, na kalamu moja inatosha kwa picha za jioni nzima.