Nyumba za wafanyakazi zisiishie mijini

Mwaka 1962 Serikali iliunda Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1971 ikataifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba hadi 1990. Karibu yote yalikuwa mijini. Benki ya Nyumba nayo ilianguka 1995.

Huku Chiwanda anayenipangisha ni mvuvi. Alijenga kwa matofali ya kuchoma, bila mkopo wowote. Mabepari hawatakuja kujenga huku, kwani kodi ya mwalimu haiwalipi. Kwa nini basi halmashauri isimkopeshe mvuvi huyu bati na saruji, akatwe kidogo kidogo kwenye kodi yangu?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Chiwanda, Nyasa.